Hodi ya Milango Mitatu

Hodi, wasikilizaji wapendwa. Hodi hapo jikoni, hodi hapo dukani, hodi kwako wewe uliyeweka redio juu ya friji huku unaosha vyombo. Ukishasema karibu ndipo nitaingia. Haya. Ahsante, nimeingia.

Leo tunamkumbuka mtu mmoja aliyefanya kazi miaka ishirini na mitano katika bustani ya wanyama ya mjini. Kazi yake ilikuwa kumtunza tembo. Tembo mmoja tu, jike, mzee. Wenzake walimwita Baba Hodi, na sababu mtaijua muda si mrefu. Baba Hodi alifariki wiki tatu zilizopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na tisa. Alibakiza mwaka mmoja astaafu.

Mmezoea kwamba kipindi hiki hufunguliwa kwa sauti ya marehemu. Leo sauti yake tunayo. Iko hapa mezani kwangu, dakika nne na ushee, safi kabisa. Lakini hatutaipiga. Narudia: hatutaipiga. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mtasema wenyewe kama tumekosea.

Tuanze na tembo. Tembo huyu wafanyakazi wote wa bustani wanamwita Shangazi, kwa sababu ana hasira za shangazi na huruma za shangazi. Uzito wake ni tani tatu na kitu. Macho yake yameingia ukungu. La kushoto halioni kabisa. La kulia linaona kivuli, basi. Anaishi katika nyumba yenye milango mitatu: wa kwanza wa chuma, wa rangi ya kijani, wa pili wa wavu, wa tatu ni nondo nene kama paja la mtu mzima. Mbele ya nondo kuna mstari wa njano sakafuni. Hakuna mtu anayevuka mstari ule bila ruhusa. Na Shangazi daima yuko upande wake wa nondo, watu upande wao.

Mwaka wake wa kwanza kazini, Baba Hodi (wakati huo alikuwa kijana, nywele zote kichwani) aliingia asubuhi kimyakimya na toroli la majani. Hakutaka kumsumbua mnyama. Alidhani ndiyo adabu. Shangazi alishtuka, mkonga ukapita kati ya nondo, toroli likakunjwa likawa kitu kisichojulikana ni nini. Yeye alianguka kwa makalio, akatoka anatambaa. Wenzake walicheka mpaka machozi. Wakamwambia, "Huyo mnyama ni mkorofi, mzoee."

Jioni ile alimwambia mkewe hivi: "Si mkorofi. Haoni. Mimi ndiye niliyeingia kwa mtu bila hodi."

Kuanzia kesho yake alipiga hodi. Mlango wa kwanza, hodi. Akasubiri. Mlango wa pili, hodi. Akasubiri. Mlango wa tatu, hodi. Akaweka kiganja juu ya chuma, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Ahsante, Shangazi." Ndipo akaanza kazi. Kila siku, milango mitatu, hodi tatu.

Wenzake wakamuuliza, "Unamshukuru nani? Nani kakujibu?"

Akasema, "Yeye kanijibu."

Basi, ikawa mzaha wa bustani nzima. Mlinzi wa getini akimwona anasema kwa sauti nzito ya kujifanya, "Karibuuu!" Hata mkurugenzi alimtania kwenye mkutano. Yeye alicheka nao, kisha akarudi kupiga hodi yake. Mkewe, ambaye sasa ni mjane na tumezungumza naye sebuleni kwake, anasema hata nyumbani hakuacha. "Nyumba yake, funguo zake, na bado anapiga hodi. Saa kumi na moja jioni, hodi. Nikamwambia, we baba, mwisho utapiga hodi mpaka chooni! Akaniambia, chooni ndiko muhimu zaidi." Mama huyu alicheka sana akitusimulia. Halafu akatazama mlango.

Baba Hodi ndiye pia aliyefunga redio ndogo kwa waya juu ya dirisha la nyumba ya tembo. Redio ile haizimwi mchana kutwa. Asiyeona, alisema, kimya kinamtisha kuliko kelele. Wasikilizaji wapendwa, ikumbukeni redio hiyo.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Ni miaka sita iliyopita, siku ya Alhamisi. Na ile Alhamisi Shangazi alikuwa na jipu chini ya ukucha wa mguu wa mbele, wa kushoto. Jipu la tembo si mchezo. Likiingia ndani ya mfupa, mnyama amekwisha. Daktari wa wanyama, mama mmoja asiye na maneno mengi, alikuwa amesema wazi: "Nahitaji kulifungua leo, akiwa macho, amesimama. Nikikosa leo, kesho nitamlaza kwa dawa. Na kwa umri wake, akilala ubavu, siwezi kukuahidi kwamba atainuka."

Narudia ili tuelewane. Leo mguu utolewe kwa hiari, au kesho dawa, na baada ya dawa pengine Shangazi hayupo.

Kwa wiki saba Baba Hodi alikuwa akimfundisha. Chini ya nondo kuna kidirisha. Anasema, "Mguu," na Shangazi anapitisha mguu kwenye kidirisha, anauweka juu ya kigoda, anapewa kipande cha tikiti maji. Mara ya kwanza aliutoa sekunde mbili. Wiki ya saba, dakika tano. Alikuwa amefika.

Na siku hiyohiyo, kwa mipango ya ofisi, wakaja watu wa televisheni! Watangazaji wawili wa kipindi cha wanyamapori, bwana na bibi, watu ambao watoto wetu wanawajua kuliko wanavyotujua sisi. Walikuja kuonyesha yale ambayo mwenye tiketi haoni. Walifika saa moja asubuhi, na walishangaa kama watoto. Waliona jiko la wanyama, ndoo sitini zimepangwa ukutani, kila ndoo na mwenyewe. Waliona chatu akipimwa uzito ndani ya foronya. Waliona kobe wa miaka tisini akisuguliwa gamba kwa mswaki, kanyoosha shingo, kafumba macho, anasikia raha. Twiga alilamba lenzi ya kamera yote, ikabidi wasimame robo saa wafute mate. Yule bwana mtangazaji, ambaye amelala porini na simba wakinguruma, alikuwa akisema tu, "Jamani! Jamani!"

Saa nne wakafika kwa Shangazi.

Walikuwa na fundi sauti, kijana wa watu, makini sana na kazi yake. Hedifoni kichwani, kinasa sauti begani, kipaza sauti chenye manyoya kama paka. Akamwambia Baba Hodi, "Mzee wangu, naomba hapa tusiongee kabisa. Nataka sauti safi. Nyayo, funguo, mlango unafunguka. Maelezo tutayaweka baadaye."

Baba Hodi akauliza, "Na hodi?"

"Hodi nayo tutaiweka baadaye, studio."

Mama Pacha, msaidizi wa Baba Hodi, anaitwa hivyo kwa sababu ya mapacha wake, alikuwepo pale. Anasema mzee alitazama mlango. Alitaka kukataa. Lakini wageni ni wageni, na mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma anatabasamu. Baba Hodi alisema, "Haya."

Fundi sauti akapanda kwenye kiti, akazima na ile redio ya dirishani.

Mlango wa kwanza ukafunguliwa kimya. Wa pili, kimya. Watu sita wanatembea kwa ncha za vidole. Wamefika kwenye nondo, funguo zikalia. Shangazi alikuwa karibu sana, kageuzia kwao jicho lile lililokufa, na hakuwa na habari kwamba kuna mtu.

Lo! Alipiga ukelele ambao yule bibi mtangazaji anasema aliusikia kwenye meno. Akazigonga nondo kwa kichwa, vumbi likashuka kutoka darini. Mguu mgonjwa ukagonga ukuta. Bwana mtangazaji akaanguka chali. Mama Pacha akamvuta mpiga kamera kwa ukosi wa shati, nyuma ya mstari wa njano. Hakuna aliyeumia upande wa watu. Lakini sakafuni kulikuwa na alama ya damu, na Shangazi alikuwa amekwenda kona ya mwisho, amewapa mgongo, masikio yanatetemeka.

Baba Hodi akaita, "Shangazi." Hakugeuka. "Mguu." Hakugeuka. Tikiti maji zima likasukumwa ndani. Hakuligusa.

Daktari akatazama saa yake. "Nina mpaka saa kumi," akasema.

Fundi sauti alikuwa ameshaanza kulia, anaomba msamaha. Baba Hodi akamshika bega. Mama Pacha anayakumbuka maneno yake neno kwa neno: "Wewe hukujua, mwanangu. Mimi nilijua. Miaka kumi na tisa sijawahi kuingia kwake hivi, na leo nimeingia kwa sababu niliona aibu mbele ya watu. Kosa ni langu."

Kisha akawatoa wote nje, mpaka nje ya mlango wa kijani. Akaufunga. Akapanda kwenye kiti, akawasha redio. Akageuza ndoo, akaketi. Akapumua. Alijua kinachomsubiri Shangazi kesho, na alijua nani amekisababisha. Akasimama mbele ya mlango wa kwanza, mlango aliokuwa na ufunguo wake mfukoni.

"Hodi."

Akasubiri. Kimya. Dakika kumi. Akaketi. Akasimama tena. "Hodi." Kimya.

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Bwana mtangazaji akamnong'oneza Mama Pacha, "Anasubiri nini?"

"Anasubiri kujibiwa."

"Na asipojibiwa?"

"Basi hatuingii."

"Lakini mnyama si atakufa?"

Mama Pacha akamwambia tu, "Kaa chini, ndugu yangu." Na yule bwana, ambaye kinywa chake ndicho kinachomlisha, aliketi chini kwenye saruji, akanyamaza kama maji mtungini.

Ilipofika kama saa saba, fundi sauti aliinuka. Alimwendea Baba Hodi akamwomba, "Mzee, niruhusu niweke kipaza sauti changu hapa chini ya mlango. Siongei. Siombi mtu anyamaze. Nataka kusikia unachosikia wewe." Mzee akaitikia kwa kichwa. Kwenye kinasa sauti kile kuna swichi inayokata mingurumo ya chini, ile ya magari na upepo, ili mazungumzo yawe safi. Mafundi wote huiwasha. Yeye siku hiyo, kwa aibu yake, akaizima. Akaacha kila kitu kiingie.

Saa nane na nusu. Baba Hodi kasimama, uso mlangoni, kiganja juu ya chuma, mgongo kwa watu wote.

"Hodi."

Hakuna aliyesikia kitu. Nawaambia tena, watu saba walikuwepo pale na hakuna aliyesikia kitu. Ila kwenye kinasa sauti, mshale wa kupimia sauti uliokuwa umelala uliinuka. Ukapanda, ukatetemeka, ukakaa juu kama mtu anavyovuta pumzi ndefu, ukashuka.

Na papo hapo, Baba Hodi, ambaye hakuuona mshale ule, aliinamisha kichwa akasema, "Ahsante, Shangazi."

Fundi sauti akainua kidole hewani, akawaonyesha mshale. Daktari akaja akainama. Mkurugenzi akaja. Mlango wa kijani ukafunguliwa, wakafika kwenye wavu. "Hodi." Mshale ukapanda. "Ahsante, Shangazi." Wakafika kwenye nondo. "Hodi." Mshale ukapanda, na safari hii bibi mtangazaji, aliyekuwa ameegemea ukuta, akashika kifua chake kwa mikono miwili. Alikuwa ameihisi mbavuni, mtetemo mnene, wa chini mno, sauti ambayo sikio la binadamu linaipita bila kuijua.

Miaka kumi na tisa walikuwa wakimcheka. Miaka kumi na tisa tembo yule alikuwa akisema karibu kwa sauti isiyosikika, na mtu mmoja tu duniani alikuwa ameweka kiganja kwenye chuma akaipokea. Mkurugenzi alivua kofia. Sijui kwa nini alivua kofia. Labda hata yeye hajui.

Shangazi alikuja. Polepole, mguu mmoja unachechemea, mkonga unapapasa hewa. Akampapasa Baba Hodi usoni, kichwani, mfukoni. "Mguu," akasema mzee. Mguu ukapita kidirishani, ukakaa juu ya kigoda. Daktari alifungua jipu, akakamua, akaosha, akafunga. Dakika kumi na moja. Shangazi hakuutoa mguu. Saa kumi kasoro, kazi ilikuwa imekwisha.

Kipindi chao kilipotoka, hakikuwa na maelezo yoyote sehemu ile. Bwana mtangazaji alikataa kuyaweka. Alisema hana la kuongeza.

Shangazi alipona. Baba Hodi akaendelea na hodi zake miaka sita zaidi, na sasa getini hakuna aliyemtania. Binti yake anatuambia kwamba baba hakujisifu hata siku moja. "Alisema tu, 'Mwanangu, mimi sina kipaji. Mimi husubiri. Watu wengi hupiga hodi huku wameshaingia.'"

Wiki tatu zilizopita, Jumapili asubuhi, moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu. Tulimzika Jumanne.

Lakini hadithi haikuishia kaburini, kwa sababu huko bustanini kuna mtu ambaye hakuna aliyeweza kumpa habari. Shangazi alisubiri. Jumatatu Mama Pacha alipiga hodi milango mitatu, akaweka kiganja kwenye chuma. Hakuna kitu. Jumanne, hakuna. Shangazi alikuwa kasimama tu, chakula chake kimenyauka. Na ule mguu wa kushoto, ambao tangu Alhamisi ile lazima uoshwe kila wiki ili jipu lisirudi, hakuutoa kwa mtu yeyote. Wiki ikapita. Daktari akaanza tena kutazama saa yake. Ile habari ya dawa ya kulaza ikarudi mezani, ileile ya miaka sita iliyopita.

Ndipo yule fundi sauti akakumbuka. Alikuwa ameuhifadhi mkanda wa Alhamisi ile. Hodi zote za Baba Hodi, safi. Akauleta. Ofisi ikafurahi: mpigieni Shangazi sauti ya mzee, atajibu, atatoa mguu, tumemaliza. Lakini kwa heshima wakaenda kwanza kuomba ruhusa kwa mjane.

Mama yule aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawauliza, "Mkimpigia sauti hiyo, atakuja mlangoni?"

Wakasema, "Atakuja, mama."

"Akishakuja na akasema karibu, nani ataingia?"

Mama akageuka kutazama mlango.

Akasema, "Mimi kila siku saa kumi na moja naacha ninachofanya, nasikiliza mlango. Najua hayupo. Nimemzika mwenyewe. Lakini nasikiliza. Siku nikiisikia hodi ile nitakimbia kufungua, na nikikuta ni mashine, mtanizika na mimi. Msinifanyie hivyo. Na yule msimfanyie hivyo."

Mkanda ukarudi kwenye bahasha. Mama Pacha akarudi mlangoni na sauti yake mwenyewe. Daktari akampa siku nne. Alipiga hodi, akaketi kwenye ndoo ileile, akasubiri. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu alipiga hodi huku analia, kimya. Siku ya nne, Jumatano ya juma hili, saa tano na dakika chache, kiganja kikiwa juu ya mlango wa kijani, mlango ulitetemeka.

Nimemuuliza Mama Pacha ulikuwaje mtetemo huo. Akasema, "Kama paka akilala juu ya kifua chako. Ila paka mwenyewe ni nyumba." Akaingia. Mguu ukatolewa. Ukaoshwa.

Sasa mmeelewa, wasikilizaji wapendwa. Mkanda uko hapa mezani; fundi sauti alituletea. Ningebonyeza kitufe, mngeisikia sauti ya Baba Hodi, na mngeipenda. Lakini kipindi hiki kinasikika sebuleni kwa mama mmoja ambaye kila jioni anatazama mlango. Na kinasikika katika nyumba moja yenye milango mitatu, kwenye redio ndogo iliyofungwa kwa waya juu ya dirisha. Huko kuna msikilizaji ambaye juzi tu amekubali kumkaribisha mtu mwingine. Hatuwezi kumwita kwenye mlango usio na mtu.

Kwa mjane, kwa binti, kwa ndugu na wafanyakazi wenzake wote, poleni sana. Sisi wa kipindi hiki tunalia pamoja nanyi. Kwako wewe unayesikiliza, nina ombi. Leo ukirudi nyumbani, piga hodi kwenye mlango wako mwenyewe. Halafu usiingie. Subiri kidogo. Pengine humo ndani kuna mtu amekuwa akikujibu siku zote, na hujawahi kusimama ukamsikia.

Mimi nimefika mwisho. Mama Pacha, kama uko karibu na dirisha, tafadhali usiizime redio.